Kumtunza Mnyama wa Nyumbani Wakati wa Kipupwe

Msimu wa kipupwe, unaoanza mwezi Juni na kumalizika mwezi Agosti, hauwafikii Watanzania wote kwa sura moja. Mkazi wa Dar es Salaam huupokea kwa furaha, kwa kuwa jasho hupungua na usiku hulalika. Mkazi wa Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya au Lushoto huupokea kwa makoti na mablanketi mazito. Katika nyanda hizo za juu, joto la usiku hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na katika uwanda wa Kitulo sakitu, yaani umande ulioganda, huonekana juu ya majani wakati wa alfajiri.

Katika nyumba nyingi za maeneo hayo yupo mkazi mwingine ambaye hana koti. Ni mbwa anayelinda ua usiku kucha, paka anayezuia panya wasiharibu mahindi ghalani, sungura waliomo katika kizimba nyuma ya nyumba, au simbilisi wanaofugwa jikoni. Wanyama hawa hawawezi kutuambia kwamba malazi yao yamelowa au kwamba viungo vinawauma. Hutegemea macho yetu na uamuzi wetu.

Tumeandaa makala haya kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida, yule anayefuga mnyama mmoja au wawili na anayenunua dawa, chakula na vifaa vyao katika duka la mtaani. Jambo tunalotaka alikumbuke ni moja. Mnyama mwenye afya hujitengenezea joto lake mwenyewe. Kazi ya mwenye mnyama ni kuzuia joto hilo lisipotee. Kazi hiyo ni nyepesi na gharama yake ni ndogo. Hatari kubwa hujitokeza pale mwenye mnyama, kwa nia njema kabisa, anapoharakisha kumwongezea joto kwa jiko la mkaa au kumtibu mafua kwa kidonge cha binadamu.

Jinsi mwili wa mnyama unavyopambana na baridi

Joto la kawaida la mwili wa mbwa na paka ni takriban nyuzi 38 hadi 39, yaani juu kidogo kuliko la binadamu. Joto hilo hutokana na chakula ambacho mwili hukiunguza mchana na usiku. Manyoya hayatoi joto; hushika hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo inayomkinga mnyama kama blanketi.

Blanketi hilo lina maadui watatu. Wa kwanza ni unyevu, kwa maana manyoya yaliyolowa hugandamana na kupoteza hewa yake. Wa pili ni upepo, unaopenya katikati ya manyoya na kuiondoa hewa iliyokwisha kupata joto. Wa tatu ni sakafu ya saruji au ardhi tupu, ambayo hunyonya joto kutoka katika mwili uliolala juu yake usiku mzima. Njaa huja juu ya hao wote, kwa kuwa mnyama asiyekula vya kutosha hana cha kuunguza.

Si wanyama wote wanaoathirika kwa kiwango kimoja. Watoto wa mbwa na wa paka katika wiki zao za kwanza hawawezi kudhibiti joto la miili yao na humtegemea mama yao. Wanyama wazee huumwa viungo zaidi wakati wa baridi. Waliokonda, wagonjwa, wenye miili midogo na wenye manyoya mafupi hupoteza joto upesi. Mtu asidhani kwamba mbwa wa kienyeji, kwa kuwa amezoea shida, hahisi baridi. Manyoya yake kwa kawaida ni mafupi kuliko ya mbwa wa aina ya German Shepherd, na mara nyingi mwili wake una mafuta kidogo. Akionekana amejikunja huku pua ameificha chini ya mkia, anajaribu kupunguza eneo la mwili linalopoteza joto.

Sungura huvumilia baridi vizuri kuliko joto, ilimradi kizimba chao ni kikavu na hakipigwi na upepo. Simbilisi ni dhaifu zaidi. Wanafaa kulala ndani ya nyumba, mbali na moshi wa kuni, ambao huwadhuru mapafu.

Malazi makavu yana thamani kuliko blanketi zuri

Kibanda bora cha mbwa si kile kikubwa. Kinatosha endapo mbwa anaweza kusimama, kugeuka na kulala humo bila kubanwa. Kibanda kikubwa kupita kiasi hakipashwi joto na mwili wa mnyama mmoja. Sakafu yake iwe ya mbao na iinuliwe kutoka ardhini kwa matofali, ili hewa ipite chini na maji ya mvua yasifike. Paa lisivuje. Mlango uwe mdogo na uelekezwe upande usiopigwa na upepo. Gunia au kipande cha zulia kilichoning'inizwa mlangoni hupunguza upepo na bado humruhusu mbwa kupita. Nafasi ndogo ya kupitisha hewa iachwe karibu na paa, kwa sababu kibanda kisichopumua hujaa unyevu wa pumzi na kumletea mnyama maradhi ya kifua.

Ndani ya kibanda cha nje, nyasi kavu au majani makavu ya ngano hufaa kuliko nguo. Mnyama huweza kujichimbia humo, na maji hayakai ndani yake kama yanavyokaa katika kitambaa. Blanketi likilowa usiku hugeuka kuwa kitu cha kumpoza mnyama badala ya kumhifadhi. Mwenye mnyama aingize mkono ndani ya malazi kila asubuhi. Akihisi unyevu, ayabadilishe siku hiyo hiyo.

Maranda ya mbao hupatikana kwa urahisi katika mikoa yenye viwanda vya mbao, na wengi huyatumia. Tunashauri muuzaji aulizwe kwanza iwapo mbao hizo zilitiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Baadhi ya dawa hizo zina sumu, na mnyama anayelala juu ya maranda yake huivuta kwa pua na kuilamba katika manyoya. Pale ambapo muuzaji hana jibu, nyasi kavu ni chaguo salama zaidi.

Paka hujitafutia mahali penye joto, na tabia hiyo huweza kumponza. Hulala kando ya jivu la moto akaungua, au huingia chini ya boneti ya gari lililozimwa punde. Mwenye gari ajizoeze kugonga boneti mara mbili tatu kabla ya kuliwasha asubuhi. Sanduku la karatasi ngumu lililotandikwa nguo kuukuu na kuwekwa juu ya kiti, mbali na sakafu, humtosha paka na humwondolea haja ya kutafuta kwingine.

Chakula na maji

Mbwa anayelala nje hutumia nguvu zaidi wakati wa baridi, hivyo chakula chake kiongezwe kidogo, kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya kiasi cha kawaida, kwa kuangalia hali ya mwili wake. Mbavu zikianza kuonekana, aongezewe, akinenepa, apunguziwe. Mbwa au paka anayeshinda ndani na kulala ndani hahitaji nyongeza hiyo. Ugali mtupu hushibisha lakini haujengi mwili. Dagaa, mabaki ya nyama au chakula kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mbwa viambatane nao.

Mabaki ya mezani yachaguliwe. Vitunguu maji na vitunguu saumu, viwe vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Mchuzi uliobaki, ambao karibu kila mara huwa na vitunguu, haufai kumwagwa juu ya ugali wa mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Lipo jambo jingine linalohitaji tahadhari. Mahindi yaliyoota ukungu mara nyingi hutengwa na chakula cha familia, kisha husagwa kwa ajili ya mbwa au kuku kwa hoja kwamba ni hasara kuyatupa. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo hushambulia ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo sana. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yasiyofaa kuliwa na mtu hayafai kuliwa na mbwa.

Maji safi yawepo muda wote. Wanyama hunywa kidogo yanapokuwa baridi sana, kwa hiyo maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni huwasaidia. Katika maeneo yenye sakitu, chombo kikaguliwe alfajiri, kwa maana maji huweza kuganda juu. Kwa simbilisi, majani mabichi yasikosekane hata nyasi zinapokauka, kwa kuwa miili yao, kama yetu, haiwezi kujitengenezea vitamini C.

Jiko la mkaa, taa na chupa ya maji ya moto

Jiko la mkaa linapowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyeivuta hulemewa na usingizi kabla hajajua kwamba yuko hatarini. Mkaa uliokolea, ambao hautoi tena moshi, bado hutoa gesi hiyo. Wanyama wadogo hupumua kwa kasi kuliko sisi, hivyo wanaweza kuwa wa kwanza kuanguka.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala, ghala, banda wala gereji kwa lengo la kuwapasha joto wanyama. Mara nyingi chumba hicho hicho hulala pia mtoto au kijana wa kazi aliyepewa jukumu la kuwaangalia watoto wa mbwa, na gesi haibagui. Iwapo paka au mbwa anayumba, anatapika au haamki katika chumba chenye jiko, watu wote watoke nje kwanza, milango na madirisha yafunguliwe, na aliyevuta hewa hiyo apelekwe hospitali hata kama anajisikia nafuu.

Taa ya kupasha joto, ya aina inayotumika kwa vifaranga, huweza kuwafaa watoto wa mbwa waliozaliwa karibuni ikiwa itatumiwa kwa uangalifu. Ining'inizwe kwa mnyororo au waya imara, si kwa kamba ya katani au ya plastiki, na iwe mbali na nyasi. Waya wa umeme upitishwe mahali ambapo meno hayafiki. Taa ipashe upande mmoja tu wa malazi, ili mama na watoto waweze kusogea upande wa pili wakizidiwa na joto.

Njia iliyo rahisi zaidi ni chupa ya plastiki yenye maji ya moto yasiyochemka, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa katika taulo. Iwekwe kando ya mnyama, asilalie moja kwa moja juu yake, na ibadilishwe inapopoa. Mnyama mdogo sana au mgonjwa asiachwe nayo bila uangalizi, kwa kuwa hawezi kujisogeza ikimuunguza.

Dawa ya binadamu si dawa ya mnyama

Tuchukue mfano unaoweza kutokea katika nyumba yoyote. Ni jioni ya mwezi Julai. Paka wa nyumbani anapiga chafya na macho yake yanatoa machozi. Mtoto wa darasa la nne anahuzunika, na mama yake, ambaye ana vidonge vya parasetamoli vilivyobaki baada ya mafua yake mwenyewe, anasaga nusu ya kidonge na kuichanganya na maziwa. Paka anakunywa. Wote wanalala wakiwa na amani moyoni.

Ndani ya saa chache mambo hubadilika. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli kama linavyofanya ini la binadamu. Dawa hugeuka kuwa sumu na kuiharibu damu, hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni. Fizi za paka hubadilika kutoka rangi ya waridi kuwa za kahawia au za samawati. Uso na miguu huweza kuvimba. Hupumua kwa shida, na huweza kufa akiwa mikononi mwa mtoto yule yule aliyemwombea dawa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka, na hata sehemu ya kidonge huweza kumdhuru vibaya.

Mama huyo hakuwa mzembe. Alitumia dawa ambayo imemsaidia yeye na watoto wake kwa miaka mingi, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba mwili wa paka ni tofauti. Ndiyo maana tunaliandika jambo hili kwa uwazi: parasetamoli asipewe paka kwa kipimo chochote. Mbwa huivumilia kidogo zaidi, lakini naye huweza kuharibika ini. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu hununua kwa maumivu ya mgongo na viungo, huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kuharibu figo za mbwa na paka. Dawa za maji za kikohozi na mafua mara nyingi huwa na mchanganyiko wa viambato kadhaa, na baadhi ni hao hao tuliowataja.

Mnyama akiwa amekwisha kupewa dawa ya aina hiyo, mwenye mnyama asisubiri dalili. Awasiliane na daktari wa mifugo mara moja, amweleze jina la dawa, kiasi na saa, na aende na pakiti yake. Ipo tiba ya sumu ya parasetamoli, na hufaa zaidi inapoanza mapema. Asimtapishe mnyama kwa chumvi wala kwa kumwingiza vidole kooni, na maziwa hayaondoi sumu hiyo.

Kuogesha na dawa za kupe

Mbwa asiogeshwe bila sababu wakati wa baridi. Ikiwa ni lazima, aogeshwe mchana wakati wa jua kwa maji ya uvuguvugu, kisha akaushwe kabisa kabla jua halijatua.

Baadhi ya wafugaji huwaogesha mbwa na paka kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki, wakikadiria kipimo kwa macho. Dawa hizo zimetengenezwa kwa ngozi na uzito wa ng'ombe. Nyingi zina amitrazi au dawa za kundi la paretroidi, kama vile saipamethrini, ambazo ni hatari hasa kwa paka, kwa kuwa mwili wake huchelewa kuziondoa na yeye hujilamba manyoya yote. Paka aliyepakwa dawa hiyo huweza kutetemeka mwili mzima, na mwenye mnyama akadhani kwamba anatetemeka kwa baridi. Hata dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa haifai kwa paka, isipokuwa lebo yake itamke wazi kwamba paka anaruhusiwa.

Unaponunua dawa, chanjo na vifaa

Kabla ya kulipa, mtumiaji anashauriwa kukagua mambo yafuatayo:

1. Pakiti iwe haijafunguliwa, na iwe na jina la dawa, kiambato chake, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

2. Lebo itaje aina ya mnyama anayekusudiwa. Maneno "dawa ya mifugo" peke yake hayatoshi.

3. Muuzaji aweze kueleza kipimo kwa uzito wa mnyama. Akijibu kwamba "mpe kidogo tu", ni vyema kutafuta duka lingine.

4. Dawa isiuzwe ikiwa imemiminwa katika chupa ya soda au kuvutwa katika bomba la sindano lisilo na lebo.

5. Risiti itolewe na itunzwe pamoja na pakiti hadi mnyama amalize dozi.

Chanjo zinahitaji uangalifu wa pekee. Chanjo nyingi za mbwa na paka hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Muuzaji anaweza kudai kwamba mji wenu ni wa baridi na kwa hiyo chanjo haina haja ya jokofu. Hoja hiyo si sahihi. Mchana wa kipupwe katika miji ya nyanda za juu huvuka nyuzi 8, na chanjo iliyopata joto huweza kupoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Mteja hulipa, mbwa huchomwa sindano, lakini kinga haipatikani. Ombeni kuona chanjo ikitolewa katika jokofu au katika chombo chenye barafu, na hakikisheni jina na namba ya toleo vimeandikwa katika kadi ya mnyama.

Watoto wa mbwa huanza kuchanjwa dhidi ya parvo na distempa wakiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kwa vipindi atakavyopanga daktari. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi 3, na umuhimu wake haupungui kwa sababu ya msimu.

Kuhusu nguo za wanyama, ambazo sasa zinauzwa mijini, tunasema kwamba si za lazima kwa mnyama mwenye manyoya ya kutosha na malazi makavu. Huweza kumsaidia mbwa mdogo, mzee au mwenye manyoya mafupi sana. Zisibane shingo wala kwapa, zisiwe na vifungo vinavyoweza kumezwa, na zivuliwe mara zinapolowa. Sweta la mtoto kutoka kwenye mitumba, likifuliwa na kukatwa vizuri, hufanya kazi ile ile kwa bei ndogo.

Dalili za hatari na huduma ya kwanza

Kutetemeka ni ishara kwamba mwili wa mnyama ungali unapambana. Hatari huongezeka pale kutetemeka kunapokoma huku mnyama akiwa bado wa baridi, amelegea, anasinzia, fizi zimepauka na anapumua polepole. Hali hiyo si usingizi wa kawaida, na haifai kusubiri hadi asubuhi.

Mwondoeni mnyama mahali penye upepo na unyevu. Mkausheni kwa taulo bila kumsugua kwa nguvu, mfungeni katika blanketi kavu, na mwekeeni kando ya kifua chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa. Apashwe joto taratibu. Asisogezwe karibu na moto, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi huungua bila yeye kuhisi. Asipewe pombe, na asimiminiwe uji wala maziwa akiwa hajitambui, maana huweza kuingia mapafuni. Kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo akiwa amefungwa hivyo hivyo.

Zipo dalili nyingine zisizo za dharura lakini zinazohitaji ushauri wa daktari: kikohozi kinachozidi siku mbili, makamasi mazito, kukataa kula kwa siku nzima, kuchechemea kila asubuhi, na kuhara kwa mtoto wa mbwa. Kuhara kwenye damu ni dharura.

Haki na wajibu

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumtunza na kumwepusha na mateso yasiyo ya lazima. Mbwa aliyefungwa kwa mnyororo mfupi usiku wa baridi, pasipo kibanda, hawezi kujisogeza penye kinga. Wajibu huo uko mikononi mwa aliyemfunga. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 nayo inasimamia watoa huduma za afya ya wanyama kupitia Baraza la Veterinari. Mtumiaji ana haki ya kumuuliza anayekuja kumtibu mnyama wake iwapo ameandikishwa, na mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo. Pale ambapo daktari hayupo karibu, ofisa mifugo wa kata ndiye mtu wa kwanza kumwendea.

Endapo dawa, chanjo au chakula ulichonunua kimemdhuru mnyama wako, usitupe mabaki kwa hasira. Hifadhi pakiti, piga picha ya lebo, andika tarehe na saa ya matumizi pamoja na dalili ulizoziona, kisha toa taarifa kwa mamlaka husika ukiwa na risiti. Taarifa hiyo haitamrudisha mnyama aliyekufa, lakini huwezesha bidhaa mbovu kuondolewa sokoni kabla haijafika katika nyumba nyingine.

Kinga ni bora kuliko tiba, na katika jambo hili kinga ni rahisi pia. Matofali manne, mbao chache, mzigo wa nyasi kavu na chakula kilichoongezwa kidogo vinatosha kumvusha mbwa wengi wetu tunaowafuga hadi Septemba. Jiko libaki nje, na vidonge vya familia vibaki kabatini. Jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, toka uani, ingiza mkono ndani ya malazi ya mnyama wako, na uhakikishe kwamba ni makavu.